Goti Bandia kwa Mwenye Matege Makali: Upasuaji Unaoamuliwa na Kano

Mguu wa mtu mzima aliyesimama wima hubeba uzito kwa kufuata mstari usioonekana, ambao huanzia katikati ya kichwa cha fupa la paja ndani ya nyonga, ukashuka hadi katikati ya kifundo cha mguu, na njiani ukapita karibu na katikati ya goti. Madaktari wa mifupa huuita mstari huo mhimili wa uzito, na karibu kila uamuzi katika upasuaji wa kubadilisha goti hupimwa kwa kuurejelea. Kwa mtu mwenye matege, yaani yule ambaye magoti yake yameachana ilhali vifundo vya miguu vimekaribiana, mhimili huo husogea upande wa ndani wa goti, na matege yanapokuwa makali hutoka kabisa nje ya goti, ukapita hewani katika nafasi iliyo kati ya miguu miwili.

Hata goti lisilo na kasoro halibebi mzigo sawasawa pande zote. Kila hatua ya kutembea hulibebesha goti nguvu inayofikia mara 2 hadi 3 ya uzito wa mwili, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo, takriban asilimia 60 hadi 70, huangukia upande wa ndani. Mhimili ukishasogea, upande huo hubebeshwa zaidi ya uwezo wake, na gegedu, yaani tabaka nyeupe na telezi inayofunika ncha za mifupa ili zisisuguane, huanza kulika. Gegedu likilika, nafasi ya ndani ya kiungo hupungua, mguu huzidi kupinda, na kadiri unavyopinda ndivyo mzigo unavyoelemea upande uleule uliokwisha kuchoka. Utafiti wa Leena Sharma na wenzake, uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2001, uliwafuatilia wagonjwa kwa miezi 18 na kuonyesha kwamba kwa mwenye matege uwezekano wa ugonjwa kuendelea upande wa ndani ulikuwa mkubwa takriban mara 4. Ni sawa na tairi linaloliwa upande mmoja kwa sababu magurudumu hayakunyooshwa: fundi akifunga tairi jipya na kuacha kasoro ilivyokuwa, nalo litaliwa vilevile. Ndiyo maana upasuaji unaojadiliwa hapa hauhusu kuondoa nyuso zilizoharibika na kuweka mpya tu, bali pia kuurudisha mhimili mahali ambapo goti jipya litaweza kudumu.

Ugonjwa wenyewe huitwa osteoathritisi hospitalini, na watu wengi huujua kwa jina la goti kusagika. Wengine husema kwamba uteute umekauka, ingawa goti la namna hiyo mara nyingi huvimba kwa kuwa na maji mengi kuliko kawaida, na kinachokwisha ni gegedu. Kwa sababu hiyo dawa na sindano zinazouzwa kwa ahadi ya kurudisha ute haziwezi kumnyooshea mguu mtu ambaye mfupa wake umekwisha kuzama.

Matege yana asili nyingi, na si zote ni ugonjwa. Watoto huzaliwa na miguu iliyopinda kwa nje, na hali hiyo huendelea hadi umri wa miezi 18 au miaka 2, kisha miguu hugeuka upande wa pili na magoti kugongana, hasa katika umri wa miaka 3 hadi 4, na hatimaye, mtoto akikaribia miaka 7, miguu hupata umbo la utu uzima. Wapo pia watu wazima ambao maumbile yao ni ya matege madogo tangu mifupa ilipokoma kukua. Johan Bellemans na wenzake huko Ubelgiji waliwapima vijana 250 wasio na maumivu yoyote ya goti, wakachapisha mwaka 2012 kwamba asilimia 32 ya wanaume na asilimia 17 ya wanawake walikuwa na matege ya nyuzi 3 au zaidi. Matokeo hayo yalizua mjadala mkubwa miongoni mwa wapasuaji, na mjadala huo utaelezwa baadaye.

Matege ya ugonjwa ni jambo jingine. Mfupa wa mtoto usiopata vitamini D au kalsiamu ya kutosha hubaki laini na kupinda chini ya uzito wa mwili, na hata katika nchi zenye jua tele tatizo hilo lipo, kwani utafiti uliofanywa Nigeria na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba watoto waliopewa kalsiamu walipona vizuri kuliko waliopewa vitamini D peke yake. Kuna pia ugonjwa wa Blount, ulioitwa kwa jina la daktari Mmarekani Walter Blount aliyeueleza kwa kina mwaka 1937, ambapo sehemu ya ndani ya tabaka la ukuaji lililo juu ya mfupa wa muundi hukua polepole kuliko ya nje. Huonekana zaidi kwa watoto wazito, kwa wale wanaoanza kutembea mapema, na kwa watoto wenye asili ya Afrika.

Kaskazini mwa Tanzania kuna chanzo kingine ambacho wenyeji wanakifahamu vizuri. Maji ya mito na chemchemi nyingi zinazotoka katika miamba ya volkano kuzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi, mara nyingine mbali juu ya kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na magadi yanayotumiwa kulainisha maharage na makande huongeza kiasi hicho. Floraidi ikizidi kwa miaka mingi, meno hupata rangi ya kahawia, na kwa baadhi ya watoto miguu hupinda, ama kwa matege au kwa magoti kugongana. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, kilichoko katika eneo hilohilo, kimekuwa kikichuja floraidi kwa kutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Kwa daktari wa upasuaji, mfupa uliojaa floraidi una hila yake: katika eksirei huonekana mzito na imara, lakini kwa kweli ni rahisi kuvunjika.

Hakuna mpaka mmoja unaokubaliwa na wote wa mahali ambapo matege huanza kuitwa makali, ila wapasuaji wengi hutumia neno hilo mhimili unapokuwa umepotoka kwa zaidi ya nyuzi 15, na wengine husubiri zifike 20. Katika goti la aina hiyo, gegedu la ndani huwa limekwisha kabisa, mfupa husuguana na mfupa hadi ukang'aa, na uso wa juu wa mfupa wa muundi, ambao kwa kawaida ni bapa, huwa umebonyea na kuacha shimo la milimita kadhaa. Kandokando ya shimo hilo huota vichomozo vya mfupa ambavyo husukuma nje kano ya ndani, yaani ule utepe mgumu unaolifunga fupa la paja na mfupa wa muundi upande huo. Kano hiyo, kwa kuwa imeishi miaka mingi katika nafasi iliyobanwa, huwa imejikunja ikakakamaa, ilhali kano ya upande wa nje, iliyovutwa kwa kila hatua, huwa imerefuka na kulegea, hata mgonjwa anapokanyaga, goti huchomoka kwa nje kabla ya mwili kutulia. Mara nyingi goti halinyooki tena kikamilifu kwa sababu mfuko wa kiungo upande wa nyuma umejifunga. Hata kisigino huweza kugeuka kwa nje ili wayo ukanyage chini vizuri, na mara chache mfupa wa muundi hupata ufa mwembamba kwa sababu ya kubeba mzigo usio wa kawaida.

Wazo la kuweka goti bandia ni la zamani kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwaka 1890, jijini Berlin, Themistocles Gluck aliweka goti la bawaba lililochongwa kwa pembe za ndovu kwa wagonjwa ambao viungo vyao viliharibiwa na kifua kikuu, lakini maambukizi yaliziharibu kazi zake. Goti la kisasa lilizaliwa miaka ya mwanzo ya 1970, wakati John Insall, Chitranjan Ranawat na mhandisi Peter Walker walipobuni jijini New York kipandikizi kilichofunika ncha zote za goti, kilichoanza kutumika mwaka 1974. Katika miaka hiyohiyo Michael Freeman wa London alisisitiza jambo ambalo kwa mwenye matege makali lina uzito kuliko umbo la chuma chenyewe, nalo ni kwamba mpasuaji hapaswi kuutazama mfupa peke yake, bali lazima asawazishe mvuto wa kano za pande zote mbili. Insall naye alilikuza wazo hilo, na mpaka leo ndilo msingi wa kazi yote.

Maandalizi huanza na eksirei ndefu inayopigwa mgonjwa akiwa amesimama, ikionyesha mguu mzima kuanzia nyonga hadi kifundo. Picha fupi ya goti peke yake, ambayo ndiyo wagonjwa wengi huja nayo mkononi, haitoshi hata kidogo katika matege makali, kwa sababu haionyeshi kama fupa la paja nalo limepinda, kama kuna mvunjiko wa zamani uliounga vibaya, au kama kasoro iko katika muundi mbali chini ya goti. Mpindo ulio mbali na kiungo hauwezi kunyooshwa siku zote kwa kukata ncha za goti. Ukizidi kiasi fulani hulazimu mfupa wenyewe ukatwe na kunyooshwa mahali ulipopinda, ama kabla ya kuweka goti bandia au katika upasuaji uleule. Daktari pia huusukuma mguu kwa mkono kuelekea kwenye unyoofu, ili ajue ni kiasi gani cha matege hurudi chenyewe na ni kiasi gani kimefungwa na kano zilizokakamaa.

Upasuaji wenyewe hufanyika mara nyingi kwa ganzi ya uti wa mgongo, ingawa nusu kaputi nayo hutumika, na mgonjwa hupewa dawa ya kuzuia maambukizi kabla ya kisu kugusa ngozi, pamoja na dawa ya kupunguza damu kuvuja. Mpasuo hufanywa mbele ya goti, pia ya goti husogezwa kando, na kano ya msalaba iliyo mbele, pamoja na mabaki ya vile vipande vya gegedu vyenye umbo la mwezi mwandamo vilivyokuwa vikipunguza kishindo, huondolewa.

Hatua inayofuata hutenganisha goti la matege makali na goti la kawaida. Kwanza huondolewa vichomozo vyote vya mfupa, na mara nyingi kazi hiyo peke yake hulegeza kano ya ndani kwa kiasi cha kushangaza, kwa sababu kano ilikuwa imetandwa juu ya vichomozo hivyo bila kuwa fupi kwa kiwango kilichodhaniwa. Kisha tabaka la ndani kabisa la kano hubanduliwa taratibu kutoka kwenye ukingo wa mfupa wa muundi, na goti likiwa bado limebanwa, mfuko wa kiungo upande wa nyuma-ndani hufunguliwa pamoja na maungio ya msuli ulio hapo. Kila baada ya hatua, mguu hunyooshwa na kupimwa. Tabaka la juu la kano ya ndani ndilo nguzo inayolizuia goti lisifunguke kwa ndani, kwa hiyo mpasuaji mwenye busara huligusa mwishoni kabisa, na akiligusa hulitoboa kwa sindano mara kadhaa ili lirefuke kidogo kidogo, mbinu iliyoelezwa na Bellemans, badala ya kulikata kwa pigo moja ambalo haliwezi kurudishwa.

Mifupa hukatwa kwa msumeno mdogo ukiongozwa na vifaa maalumu. Uso wa muundi hukatwa kwa pembe mraba na mhimili wake, na hapo mpasuaji hukutana na kishawishi kikubwa, nacho ni kukata chini hadi afikie kitako cha shimo lililobonyea ili apate uso bapa kwa urahisi. Akifanya hivyo atakuwa ameutupa mfupa mgumu na kubakiwa na mfupa laini na mwembamba usioweza kuishikilia kwa miaka mingi sahani ya chuma inayowekwa juu yake. Kwa kawaida hukatwa milimita 8 hadi 10 zikipimwa kutoka upande wa nje ambao haujaharibika, na pungufu ya hapo iwapo kano ya nje imelegea sana. Shimo linalobaki hujazwa kwa njia nyingine. Shimo dogo la milimita chache hujazwa kwa saruji ya mfupa, ambayo ni aina ya akriliki inayoganda ndani ya dakika chache. Lililo kubwa zaidi hujazwa kwa saruji iliyotiwa skrubu, au kwa kipande cha mfupa wa mgonjwa mwenyewe kilichokatwa katika upasuaji uleule, au kwa kabari ya chuma inayofungwa chini ya sahani. Panapokuwa na upungufu mkubwa, sahani hupewa mguu mrefu unaoingia ndani ya mfupa wa muundi ili ugawane mzigo na sehemu iliyo imara zaidi.

Kama kano ya ndani ingali imebana, zipo mbinu mbili zinazostahili kuelezwa. Ya kwanza ni kuchagua sahani ndogo kidogo, kuisogeza kuelekea upande wa nje, kisha kuondoa ukingo wa mfupa wa ndani uliobaki wazi, ili kano ipate njia fupi ya kupita. Arun Mullaji na mwenzake wa Mumbai walipima mbinu hiyo na kukuta kwamba kila milimita 2 za mfupa unaoondolewa hurekebisha takriban nyuzi 1 ya matege. Ya pili ni kukikata kile kinundu cha fupa la paja ambapo kano ya ndani hujishikiza, kukitelezesha chini pamoja na kano yake, na kukifunga tena kwa skrubu, ili kano irefuke bila kukatwa. Si jambo la bahati kwamba mbinu hizi zilikomaa India, ambako wagonjwa wengi hufika hospitalini wakiwa na matege makubwa mno. Mwaka 2005 Mullaji na wenzake walitoa taarifa ya magoti 173 yaliyokuwa na matege ya zaidi ya nyuzi 20, idadi ambayo wapasuaji wengi wa Ulaya wangehitaji miaka mingi kuifikia.

Lengo la kazi hiyo yote ni nafasi mbili kati ya mifupa, moja goti likiwa limenyooka na nyingine likiwa limekunjwa kwa nyuzi 90, ambazo zinapaswa kuwa na kimo sawa, na kimo cha upande wa ndani na wa nje kilingane. Nafasi hizo zikilingana, ncha ya fupa la paja hufunikwa kwa aloi ya kobalti na kromu, juu ya muundi huwekwa sahani, mara nyingi ya titani, na kati yao huingizwa kipande cha politheni ngumu kinachochukua kazi ya gegedu. Katika matege makali nafasi haziwi sawa kabisa kila mara, kwani kano ya nje iliyovutwa kwa miaka 20 haifupiki kwa siku moja. Ulegevu mdogo wa upande wa nje huweza kuvumiliwa, lakini ukizidi, hutumika kipandikizi chenye kigingi kirefu cha politheni kinachoingia ndani ya sanduku la chuma ili kulizuia goti lisiyumbe, na katika hali mbaya kabisa goti la bawaba. Vipandikizi hivyo ni ghali zaidi, hutia mkazo mkubwa kwenye maungio yake na mfupa, na havipatikani katika kila hospitali. Mpasuaji anayeanza kazi bila kuwa navyo karibu anacheza kamari na mguu wa mtu.

Swali la mguu unyooshwe kiasi gani ndilo linalowagawa wataalamu kwa sasa. Kanuni ya zamani ilitaka mhimili upite katikati ya goti bandia, kwa kuruhusu kosa la nyuzi 3 tu kila upande. Mwaka 2010 wataalamu wa Mayo Clinic nchini Marekani walichunguza magoti 398 yaliyofuatiliwa kwa miaka 15, wakakuta kwamba yaliyokuwa ndani ya mpaka huo hayakudumu zaidi kuliko yaliyokuwa nje yake. Matokeo ya Bellemans yalipokuja miaka miwili baadaye, wengine waliuliza kama ni haki kumnyoosha kabisa mtu aliyezaliwa na matege madogo, na wafuasi wa Stephen Howell wa California wakashikilia kwamba goti bandia lifuate umbo ambalo mgonjwa alikuwa nalo kabla ya kuugua. Hoja hiyo ina nguvu kwa mwenye matege madogo, lakini haifai kuhamishwa nzimanzima kwa mwenye nyuzi 25, kwa kuwa ushahidi wake mwingi umetokana na magoti yasiyopinda sana, na sahani ya muundi iliyolazwa kwa kuinamia ndani huweza kuzama katika mfupa uliokwisha kudhoofika, hasa kwa mgonjwa mzito. Kuacha nyuzi 2 au 3 za matege ili kuepuka kukata kano mno ni uamuzi wa busara. Kuacha 8 ni kuuacha ugonjwa ulivyokuwa. Kompyuta na roboti husaidia kukata kwa usahihi zaidi, na pale ambapo fupa la paja limepinda huwa na faida ya wazi, lakini hakuna roboti inayojua yenyewe kano ipi ilegezwe.

Baada ya upasuaji mgonjwa husimamishwa siku ileile au kesho yake, akitembea kwa fremu au magongo, na kazi ngumu ya mazoezi huanza wakati maumivu yangalipo. Goti linapaswa kunyooka kabisa na kukunjwa hadi nyuzi 90 katika wiki za mwanzo, na wengi hufika 110 hadi 120 baadaye. Wengi huacha magongo baada ya wiki 6, ingawa uvimbe na joto la goti huweza kuendelea kwa miezi kadhaa na nafuu kuendelea kuongezeka hadi mwaka mzima. Mgonjwa wa matege makali ana jambo la ziada la kuzoea, nalo ni kwamba mguu ulionyooshwa huwa mrefu kuliko ulivyokuwa. Ikiwa miguu yote miwili ilipinda na amefanyiwa mmoja tu, atajihisi ameinama upande, na hulazimika kuongeza soli ya kiatu cha pili mpaka zamu ya mguu huo ifike. Baadhi ya wapasuaji hufanya magoti yote mawili kwa wakati mmoja, lakini mzigo huo kwa moyo na mapafu huwafaa wagonjwa wenye afya nzuri tu.

Maswali ya maisha ya kila siku yanastahili majibu ya wazi kabla ya karatasi ya ridhaa kutiwa saini. Choo cha kuchuchumaa huwa kigumu kwa wengi, na inafaa kutayarisha choo cha kukalia mapema. Kupiga magoti hakulivunji goti bandia jeraha likishapona, ingawa wengi huhisi ganzi na karaha mbele ya goti. Kuketi juu ya visigino kama katika tahiyatu huhitaji mkunjo ambao wachache huufikia, na Muislamu asiyeweza anaruhusiwa na dini yake kuswali akiwa ameketi kitini. Kutembea, kupanda ngazi, kuendesha baiskeli na kazi nyepesi za shamba huwezekana, bali kukimbia na kuruka hakushauriwi.

Hatari zipo. Maambukizi ya kina huwapata takriban mgonjwa 1 hadi 2 kati ya 100, na yakiingia huweza kulazimu chuma chote kitolewe. Ndiyo maana kisukari kisichodhibitiwa, meno yaliyooza na vidonda vya miguu hutibiwa kwanza. Damu huweza kuganda katika mishipa ya mguu na kusafiri hadi mapafuni, jambo linalozuiwa kwa dawa na kwa kutembea mapema. Neva inayopita upande wa nje wa goti, ambayo huwa hatarini magoti yanayogongana yanaponyooshwa, huwa salama zaidi katika matege, kwa kuwa unyooshaji huilegeza badala ya kuivuta. Uchunguzi wa Robert Bourne na wenzake nchini Kanada, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba karibu mgonjwa 1 kati ya 5 hakuridhika kikamilifu, hasa pale ambapo matarajio yake hayakutimia. Kuhusu uimara, mapitio yaliyochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet yalikadiria kwamba asilimia 82 ya magoti bandia kamili hudumu miaka 25.

Katika Afrika Mashariki, upasuaji huu hufanyika katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili jijini Dar es Salaam na katika baadhi ya hospitali kubwa za Kenya, wakati wagonjwa wengine wenye uwezo bado husafiri hadi India. Jirani wa kusini, Malawi, aliwahi kuonyesha njia kwa kuanzisha mwaka 2005 daftari la kitaifa la kumbukumbu za viungo bandia, ili ijulikane ni kipandikizi gani kilichodumu na kipi kilichoshindwa. Sweden ilianza kumbukumbu za magoti mwaka 1975, na sehemu kubwa ya yanayojulikana leo kuhusu uimara wa magoti bandia ilipatikana kwa njia hiyo.

Mgonjwa asiye mzee, ambaye upande wa nje wa goti lake bado ni mzima, huweza kukatiwa mfupa wa muundi chini kidogo ya goti na kunyooshwa mhimili akibaki na goti lake, upasuaji ambao Mark Coventry wa Mayo Clinic aliueneza kuanzia mwaka 1965. Mtoto ambaye bado anakua huweza kunyooshwa kwa bamba dogo la chuma linalozuia upande mmoja wa mfupa usikue kwa muda, pasipo kukata mfupa wowote. Kwa hiyo mzazi anayeona matege yakiongezeka baada ya mtoto kutimiza miaka 2, au yakiwa katika mguu mmoja tu, ampeleke kwa daktari wa mifupa bila kungoja. Na mtu mzima anayeona mguu wake ukipinda zaidi mwaka hadi mwaka aombe eksirei ya mguu mzima akiwa amesimama, kwa sababu goti lenye nyuzi 10 hupasuliwa kwa kipandikizi cha kawaida kinachopatikana kwa urahisi, na lenye nyuzi 30 huhitaji kabari, miguu ya chuma, vipandikizi vya kuagizwa na mpasuaji ambaye si kila mkoa unaye.